Mlioachishwa kazi na bado mnatafuta: mnapata wapi nguvu ya kutuma maombi mengine?

#1 Kalamu ya Bluu

Wakuu, habari za jioni.

Niko Njombe. Nilikuwa afisa takwimu kwenye mradi wa VVU uliofadhiliwa na Wamarekani. Kazi yangu ilikuwa kuzunguka vituoni, kukagua takwimu za CTC (kliniki za matibabu ya VVU), kusafisha makosa na kuhakikisha zinaoana na zile zinazopanda kwenye DHIS2, mfumo wa kompyuta wa takwimu za afya. Trump alipoapishwa Januari 2025 akasimamisha misaada ya nje, tukaambiwa ni siku 90 tu, tukae mkao wa kusubiri. Machi wakatangaza wamefuta asilimia 83 ya miradi ya USAID, na wetu ukawemo. Tukakabidhi vishikwambi na pikipiki, tukapiga picha ya pamoja, kila mtu akashika njia yake.

Sijaja kulia, nina swali. Miezi ya mwanzo nilikuwa wa moto. Kila tangazo naliandikia barua yake, napiga simu, nafuatilia. Sasa hivi naweza kukutana na tangazo linalonifaa kabisa, limebakiza siku mbili kufungwa, nikalifungua, nikalisoma mpaka mwisho, nikalifunga. Mke wangu anasema nimekata tamaa. Hapana. Nikipewa kazi leo, kesho saa moja kamili niko ofisini. Nguvu ya kuomba ndiyo imeisha.

Ninavyoona mimi, kinachommaliza mtu ni ukimya. Ukikataliwa unalala na hasira zako, asubuhi zimeisha. Usipojibiwa unabaki unajiuliza kama barua ilifika, kama ulikosea, kama usubiri wiki nyingine. Na lile grupu letu la WhatsApp la mradi lipo mpaka leo. Kila baada ya muda naona fulani "amejitoa", najua kapata sehemu. Nimelizima sauti.

Nyie mnafanyaje? Naomba wenye uzoefu, wahamasishaji wapumzike kidogo.

#2 Mchuuzi Halali

Jibu fupi: acha kuomba. Hizo nguvu unazozitafuta hazirudi. Mimi nilipigwa chini 2020 hotelini Arusha, Corona ilipowafukuza watalii, nikaanza na viatu vya mtumba. Leo hata ukiniita kwenye usaili siji. Ajira ni utumwa uliokatiwa NSSF.

#3 Tulizana

Hahaha, uzi haujakauka wino mtu wa viatu kashafika. Mwenzio kasema wahamasishaji wapumzike.

#4 Mchuuzi Halali

@Tulizana uzoefu gani tena unataka? Au mpaka niweke picha ya fremu?

#5 Mama Ibra

Pole kaka. Nilikuwa mshauri nasaha kwenye mradi kama huo, Mbeya, nadhani tumetoka mwezi mmoja. Mimi ukimya haukunisumbua, maana sikutegemea kujibiwa. Kilichonimaliza ni saa nne asubuhi. Watoto wapo shule, vyombo vimeoshwa, jirani anapita dirishani, "Leo tena hujaenda?" Nikawa najifungia. Kuna siku navaa, nabeba pochi, napanda daladala mpaka Mwanjelwa, nazunguka sokoni bila kununua hata nyanya, saa nane narudi nimechoka kama waliotoka kazini.

Kilichonifungua ni kusema. Nilisimama kwenye kikoba mbele ya akina mama wote nikawaambia sina kazi, mchango wangu utalegalega. Wiki hiyo hiyo mmoja akaniita nimsaidie kuandika katiba ya kikundi, walitaka ile mikopo ya halmashauri ya asilimia 10, fungu la wanawake. Akanilipa elfu thelathini. Kazi si kazi, lakini usiku ule nililala.

#6 Kijana wa Sinza

Mama Ibra, hiyo ya kuvaa na kutoka nilidhani ninayo peke yangu. Mimi huwa naenda Maktaba ya Taifa pale Bibi Titi. Kuna wababa wawili wanakuja na mikoba ya kompyuta, mashati yamepigwa pasi, tunasalimiana kwa kichwa. Mmoja hufungua gazeti ukurasa ule ule tangu asubuhi. Hatujawahi kuulizana lolote.

#7 Wakili wa Kijiwe

Kabla ya mambo ya moyo tuzungumze haki, maana wengi wanakata tamaa huku wana madai. Mtoa mada, umeachishwa kwa sababu za kiuendeshaji, hiyo inaongozwa na kifungu cha 38 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004. Mwajiri anatakiwa atoe taarifa ya kusudio, aeleze sababu na ashauriane nanyi. Je, alifanya? Kiinua mgongo chako je? Na kama hukuridhika, ulienda CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi?

#8 Baba Careen

Kiinua mgongo ni mshahara wa mwezi mmoja kwa kila mwaka uliotumikia. Usikubali chini ya hapo.

#9 Wakili wa Kijiwe

@Baba Careen hapana, usimpotoshe. Kifungu cha 42 kinasema siku 7 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka uliokamilika, mwisho miaka 10. Kampuni ikitoa mwezi kwa mwaka hiyo ni kwa mkataba wake au kwa majadiliano na chama cha wafanyakazi. Na CMA malalamiko ya kuachishwa isivyo halali yanapelekwa ndani ya siku 30. Ukichelewa unaanza kwa kuomba uongezewe muda na unatoa sababu za maana. "Nilikuwa nimechanganyikiwa" hawaipokei.

#10 Jakisumu

Salamu kutoka Kisumu. Kwetu Sheria ya Ajira ya 2007 inasema siku zisizopungua 15 kwa kila mwaka, kifungu cha 40. Mara mbili yenu, majirani.

#11 Tulizana

Na mlilipwa?

#12 Jakisumu

Bwana, usiharibu hadithi.

#13 Kalamu ya Bluu

@Wakili asante sana. Mikataba yetu ilikuwa ya mwaka mmoja mmoja, inahuishwa kila Oktoba. Notisi walilipa, na kile kidogo walilipa. Sina ugomvi nao, hata wao mabosi wameachishwa. Aliyenisainia barua ya kuniachisha tulikutana stendi ya Makambako anasaka usafiri wa kwenda kwenye usaili wake.

#14 Baba Careen

Sawa, siku 7 nimekubali. Ila NSSF achukue hela zake zote aanzishe mradi. Za nini kukaa kule?

#15 Mtoza Michango

Baba Careen leo umeamka vibaya. Huo ulikuwa utaratibu wa fao la kujitoa, sheria zilibadilishwa 2018. Mtu wa taaluma yake aliyeachishwa siku hizi anaingia fao la kukosa ajira: theluthi moja ya mshahara, asilimia 33.3, kwa miezi 6. Awe amechangia angalau miezi 18 na asiwe ameacha kazi mwenyewe. Aliyechangia chini ya hapo anapewa nusu ya michango yake kwa mkupuo. Mtoa mada, ulilichukua?

#16 Kalamu ya Bluu

Nililichukua. Lilinibeba nusu mwaka. Na ukitaka ukweli, nguvu zangu ziliisha mwezi ule ule lilipoisha. Hilo sijalifikiria mpaka nilipokuwa naandika hapa.

#17 Mchuuzi Halali

Ahaa! Kwa hiyo ukimya ni jina la kistaarabu la njaa.

#18 Mama Ibra

@Mchuuzi usimalize haraka hivyo. Mimi mume wangu ana kazi, hatukulala njaa hata siku moja, na bado nilikuwa siwezi kufungua kompyuta. Njaa ingekuwa ndiyo sababu, mimi ningekuwa naomba kila siku.

#19 Dada wa Usaili

Nimefanya kazi ya rasilimali watu miaka mingi, mashirika binafsi na miradi. Niwaambie huo ukimya unatengenezwa namna gani, labda utapungua uzito.

Tangazo moja la afisa takwimu linaleta barua pepe mia kadhaa. Anayezipokea ni mtu mmoja, mara nyingi msaidizi, ambaye pia anashughulikia likizo, bima na tiketi za ndege za wageni. Anafungua jedwali, anajaza majina, shahada, miaka ya uzoefu. Akishapata kumi na tano wanaotosha, waliobaki hawasomwi tena. Hajakukataa, hakukufikia. Kuna matangazo mengine yanawekwa kwa sababu mfadhili anadai nafasi itangazwe, na mtu yumo humo humo ndani tayari. Na kuna nafasi zinatangazwa, bajeti inakatwa, hakuna anayerudi kuwaambia waombaji. Sisemi ni haki.

Upande wenu nako kuna yenu. Faili linaitwa "CV mpya mpya final 3". Barua inamtaja mwajiri mwingine kabisa kwa sababu mtu amenakili. Mmoja aliandika "nina shauku kubwa ya kujiunga na taasisi yenu" halafu akataja jina la wapinzani wetu wakubwa. Tuliisoma ofisi nzima.

#20 Kijana wa Sinza

Kwa hiyo dada unasema tukitaka kusomwa tutume mapema?

#21 Dada wa Usaili

Siku mbili za kwanza, ndiyo. Mtoa mada akiliangalia tangazo lililobakiza siku mbili kufungwa na moyo ukagoma, huenda moyo wake unajua hesabu kuliko yeye.

#22 Mzalendo Kindakindaki

Mnahangaika na mashirika ya nini, Ajira Portal, tovuti ya ajira za serikali, ipo bure kabisa, hakuna kujuana. Weka vyeti, subiri tangazo, nenda kafanye mtihani.

#23 Ngosha wa Kahama

@Mzalendo masharti ya portal ni umri usiozidi 45. Mimi nina 48. Nielekeze kwingine.

#24 Kalamu ya Bluu

Nina 43, naona ukingo ule pale. Na usaili wa kuandika nimefanya, Chuo Kikuu cha Dodoma. Nauli ya kwenda Dodoma na kurudi, gesti, chakula, halafu unaingia ukumbini unakuta watoto waliomaliza chuo juzi na bado wana fomula za takwimu kichwani. Mimi kazi ya vituoni naijua: naweza kukwambia kituo gani wanapika ripoti kwa kutazama tu namba zinavyojirudia. Swali la namna hiyo halikuwepo.

#25 Tulizana

TRA, mamlaka ya mapato, mwaka 2025 nafasi 1,596, waombaji zaidi ya 135,000. Haijawahi kutokea nchi hii.

#26 Mtoza Michango

Imetokea, tena zaidi. Juni 2014 Uhamiaji walifanyia usaili Uwanja wa Taifa, watu zaidi ya 10,000 wamekaa majukwaani kama Simba na Yanga, nafasi 70. Piga hesabu: Uhamiaji kama 143 kwa kiti kimoja, TRA kama 85. Kwa hiyo TRA ilikuwa nafuu.

#27 Tulizana

Asante mkuu, nimefarijika mno.

#28 Mzee wa Kitambaa

Nawasoma tangu mwanzo wanangu. Mimi nilipigwa redandasi miaka ya 90, kiwanda cha nguo, mashirika ya umma yalipokuwa yanauzwa. Niseme tofauti na nyie wote. Sisi tuliachishwa mtaa mzima. Asubuhi ukitoka nje unamkuta fundi wa mashine yuko kibarazani, msimamizi wa zamu yuko kibarazani, mhasibu naye anakuna nazi. Nani amcheke mwenzake? Aibu iligawanywa, kila mtu akabeba kipande kidogo. Nyie mnaachishwa mmoja mmoja, kila mtu kwenye nyumba yake ya kupanga na geti lake. Ndiyo maana zinawaishia nguvu.

#29 Kijana wa Sinza

Shikamoo mzee. Hii imenigusa.

#30 Ngosha wa Kahama

Shikamoo mzee. Kwa heshima zote nakupinga. Mimi nilikuwa kwa mkandarasi wa mgodi. Machi 2017 serikali ilizuia makinikia, ule mchanga wenye madini, yasitoke nje, ilipofika Septemba mgodi wa Bulyanhulu wakatangaza wanapunguza uzalishaji, watu wengi wakatoka mara moja. Tuliachishwa pamoja kama nyie, na kule kuwa pamoja ndiko kulikotuumiza. Wote tuliuza magari wakati mmoja, bei ikaanguka. Wote tulinunua bodaboda, abiria wakawa wachache kuliko madereva. Nyumba za kupangisha Kahama zikabaki na vibao vya "inapangishwa" mpaka vikafifia rangi. Na kila nafasi ya mgodi mwingine ikitangazwa, Geita au North Mara, mnagombania nyie wale wale wenye vyeti vile vile. Unamsalimia mwenzio kwenye foleni ya usaili huku unamwombea afeli.

Usawa wa kibarazani ni mtamu ukiwa na kiwanja cha urithi, mzee.

#31 Mzee wa Kitambaa

Marahaba. Kiwanja tulikuwa nacho, sikatai. Na shamba la mihogo la mama yangu.

#32 Kalamu ya Bluu

Ngosha umenisema mimi. Maafisa takwimu wa miradi yote ya Njombe na Iringa tunajuana kwa majina. Mkoa huu ndio unaoongoza kwa maambukizi kitaifa, miradi ilikuwa imejaa, tukawa wengi kuliko mkoa unavyoweza kutumeza. Likitoka tangazo moja najua watano watakaoomba kabla sijalisoma.

#33 Mwalimu wa Zamani

Ndugu, kuna utafiti wa zamani unaohusiana na haya. Marienthal, kijiji cha Austria, kiwanda chake cha nguo kilifungwa mwaka 1930 na karibu kijiji kizima kikakosa kazi kwa pamoja, kama kwa mzee wetu. Watafiti wakiwemo Marie Jahoda na Paul Lazarsfeld walikwenda kuwachunguza. Wengi siku hizo walidhani watu wa namna hiyo watakuwa na hasira, pengine wanapanga mapinduzi. Watafiti wakakuta watu waliopoa. Wanaume walikuwa wanatembea polepole na kusimama simama barabarani, watafiti waliwapima kwa saa. Muda wa kusoma walikuwa nao tele, lakini vitabu vilivyoazimwa maktaba vilipungua. Wanawake walitembea haraka kidogo, kwa sababu nyumba ilikuwa bado inawadai kupika na kufua.

Jahoda baadaye alieleza kwamba kazi inampa mtu vitu vingi zaidi ya mshahara: saa za kuigawa siku, watu wa nje ya familia, lengo linalomzidi yeye, hadhi, na ulazima wa kufanya kitu. Vinapoondoka vyote kwa pamoja, hata kuandika barua ya maombi kunakuwa kazi isiyo na siku wala saa yake.

#34 Mchuuzi Halali

Wazungu hao walikuwa na ruzuku, mwalimu. Wanakaa barabarani wakijua hela itakuja. Mswahili akisimama barabarani anauza karanga.

#35 Mwalimu wa Zamani

Ruzuku ilikuwa ya muda, Mchuuzi, ikifika mwisho inakatwa au inapungua. Karibu sana na hiyo ya miezi 6 aliyoisema Mtoza Michango. Na tazama alichosema mtoa mada #16.

#36 Mama Ibra

Hiyo ya wanawake kutembea haraka nimeisoma mara mbili. Saa nne yangu ilikuwa ngumu, lakini saa sita lazima nipike. Mume wangu angekuwa yeye aliyeachishwa angekaa mpaka jioni.

#37 Tulizana

Mume wa Mama Ibra, kama uko humu, jitokeze ujitetee.

#38 Nuru ya Pwani

Wakuu, mnazunguka mbuyu. Mtu mwenye vyeti, mwenye uzoefu, anaomba mwaka mzima hajibiwi? Huyo nyota yake imefungwa. Kuna mzee yuko Bagamoyo...

#39 Tulizana

Hebu subiri, mzee wa Bagamoyo naye anatuma majibu kwa barua pepe?

#40 Mtoza Michango

Angalizo kwa wote: hiki ndicho kipindi mtu aliyechoka anapoibiwa. Leo mzee wa Bagamoyo, kesho "wakala" anakwambia umepata kazi bandarini, tuma elfu themanini ya kupima afya. Mwajiri wa kweli hakudai hela ya fomu. Nuru ya Pwani, namba usiiweke.

#41 Nuru ya Pwani

Sikuwa naweka namba. Nilikuwa natoa ushauri wa bure kama wengine.

#42 Mkulima wa Simu

Mtoa mada yuko Njombe halafu analia hana kazi! Mkuu, umekalia dhahabu ya kijani. Parachichi. Hass. Wanunuzi wanakufuata shambani.

#43 Kalamu ya Bluu

Parachichi la Hass uliloliotesha leo linaanza kukupa mzigo wa maana baada ya miaka mitatu hivi. Kodi ya nyumba ni tarehe 5.

#44 Mkulima wa Simu

Unapanda na viazi mviringo katikati ya mistari. Miezi mitatu minne umevuna.

#45 Ngosha wa Kahama

Na mbolea, na dawa ya ukungu? Viazi vya Njombe bila dawa ya ukungu ni majani.

#46 Mkulima wa Simu

Mbolea ya ruzuku ipo, anajisajili kwa mtendaji wa kijiji.

#47 Mzee wa Kitambaa

Nani kati yenu ameshika jembe mwaka huu? Nauliza tu.

#48 Tulizana

Kimya kimetanda. Mtoa mada, ukimya ulioulizia ni huu.

#49 Jakisumu

Turudi kwenye swali. Mimi nilikuwa msimamizi wa wahudumu wa jamii upande huu wa ziwa, tulikatwa siku ile ile na nyie. Nilijaribu ratiba: saa mbili mpaka saa sita natafuta, jioni nafanya mazoezi. Ilishika kama mwezi. Ilivunjika siku niliyofika hatua ya mwisho ya shirika moja, tukabaki wawili, wakamchukua mwenzangu. Hao walinijibu, tena kwa barua nzuri yenye shukrani, na ndiyo iliyoniua. Kwa hiyo ndugu yangu Kalamu, mimi ukimya siuogopi. Kinachouma ni kukaribia.

#50 Kalamu ya Bluu

Jakisumu, kwa hiyo ulitokaje?

#51 Jakisumu

Sijatoka. Naomba kazi chache sana, zile ambazo namjua mtu aliye ndani wa kumuuliza kama nafasi ni ya kweli. Nikijua ni ya kweli, mkono wenyewe unaandika. Siku nyingine nafundisha watoto wa jirani hesabu.

#52 Baba Careen

Hiyo ndiyo koneksheni tunayoisema kila siku. Bila mtu ndani hakuna kitu.

#53 Dada wa Usaili

Kumuuliza mtu kama nafasi ni ya kweli si upendeleo. Upendeleo ni akikuingiza hustahili. Hapa mara nyingi mnachanganya, na matokeo yake mtu anaona haya hata kumpigia simu bosi wake wa zamani, ambaye ndiye mdhamini aliyemwandika kwenye CV! Mtoa mada, wadhamini wako wanajua kuwa bado unatafuta?

#54 Kalamu ya Bluu

Mmoja ndiye yule wa stendi ya Makambako. Wa pili sijamtafuta tangu mwaka jana. Nilikuwa nasubiri niwe na habari njema ya kumpa.

#55 Mama Ibra

Kaka! Mpigie leo. Hata usiombe kitu, msalimie tu, muulize na yeye anaishije.

#56 Kalamu ya Bluu

Nimempigia muda si mrefu. Tumeongea sana, zaidi habari za watoto wake na mvua. Anafanya ushauri wa muda mfupi kwa halmashauri moja, kusafisha takwimu za chanjo, amesema kuna mafaili yamemzidi. Hajaniahidi. Amesema nimtumie CV. Sasa nina swali lingine, na hili ni la kiufundi: nina shahada ya pili. Kazi yenyewe ni ya kuingiza na kusafisha takwimu, ya kijana wa diploma. Niitoe kwenye CV?

#57 Dada wa Usaili

Usiitoe. Ikijulikana baadaye itaonekana umeficha. Eleza kwenye barua kwa sentensi moja kwamba unajua ngazi ya kazi na unaitaka.

#58 Ngosha wa Kahama

Mimi niliitoa stashahada yangu ya juu, nikachukuliwa kama msimamizi wa karakana. Ningeiweka wangesema nitaondoka nikipata kikubwa. Na kweli migodi ilipofufuka niliondoka.

#59 Dada wa Usaili

Kwa hiyo waliokuogopa walikuwa sahihi.

#60 Ngosha wa Kahama

Walikuwa sahihi, lakini watoto walikula.

#61 Wakili wa Kijiwe

Kuacha kitu nje ya CV si kosa kisheria. Kujaza fomu ya mwajiri inayouliza "elimu yako ya juu kabisa" ukaandika uongo, hapo ndipo atakapokukamatia. Kalamu, wana fomu au wanataka CV peke yake?

#62 Kalamu ya Bluu

CV peke yake. Anaitaka kabla ya Ijumaa.

#63 Mchuuzi Halali

Itume hivyo hivyo, faili uliite jina lako tu. Na ukikwama, Njombe baridi kali, viatu vya buti vinatoka sana. Nina mzigo.